Siku ya Tatu ya Mgeni: Superman na Gen Mbele ya Msomaji wa Kasulu

Wako wataalamu wanaozidharau hadithi za picha, wakidhani kwamba ni mchezo wa watoto usiostahili kupimwa kwa mizani ipimayo riwaya na tenzi. Dharau hiyo si haki. Kitabu kisomwacho na vijana wengi hakikosi mafunzo, yawe mema au mabaya, na kazi ya mhakiki ni kuyachambua. Lakini kila mhakiki husoma akiwa mahali fulani. Hapa tutazisoma hadithi mbili mashuhuri, moja ya Marekani na moja ya Japani, tukiwa katika nyanda za juu za Kigoma, Kasulu na Kibondo. Warundi walikimbilia mkoa huo mwaka 1972, wakaja tena 1993 na 2015. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Na ile ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Basi msomaji wa huko ana haki ya kuuliza kwanza: mtu aliyepoteza kwao hupokewaje?

Superman alitokea mwaka 1938, kazi ya vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, wana wa Wayahudi wahamiaji. Shujaa wao ni mkimbizi hasa: sayari yake yaangamia, na baba yake amtia mtoto chomboni na kumtuma duniani. Lakini tazama jinsi habari hiyo ilivyosimuliwa mara ya kwanza. Ukurasa mmoja wautosha msiba, utoto, na nguvu zake zote. Baada ya hapo twamwona akipambana na mume apigaye mkewe, na akimwokoa mwanamke aliyehukumiwa kufa bila kosa. Tusiwanyime waandishi sifa yao: Superman wa awali alikuwa mtetezi wa wanyonge. Hata hivyo hapana anayemwuliza alikotoka, wala hapana amnyimaye chakula. Ndiyo methali yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu apendwa kwa kuwa aweza kuinua motokaa kwa mikono yake. Je, asiyeweza kuinua kitu, yeye atapendwa na nani?

Swali hilo lajibiwa na Keiji Nakazawa katika *Hadashi no Gen*, hadithi iliyoanza kuchapishwa Japani mwaka 1973. Nakazawa alikuwa na umri wa miaka sita bomu lilipoangushwa Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, akafiwa na baba, dada na ndugu. Gen ni mfano wake. Yeye na mama yake, pamoja na kichanga kilichozaliwa siku ile ile ya moto, wapata hifadhi nyumbani kwa rafiki wa mama. Na humo mkwe wa mwenye nyumba awasimanga na kuwaonea. Waliowasimanga ni Wajapani wenzao, wa lugha moja. Msomaji wa Kasulu, ajuaye jinsi Kiha na Kirundi vilivyo karibu, ataona mara moja kwamba undugu wa lugha haushibishi tumbo. Nakazawa hana haraka: mchele, madonda na aibu ya kuomba vyapewa kurasa nyingi. Hiyo ndiyo siku ya tatu ya mgeni, ambayo Superman hakuionja.

Kasoro zake zipo. Ngumi ni nyingi mno, vilio vimezidi, na mara nyingi watoto hupigwa ili msomaji acheke. Kicheko hicho chapunguza uzito wa maneno ya baba yake Gen, aliyeipinga vita akafungwa.

Jambo la umbo nalo lafaa kutajwa. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa miaka mingi wachapishaji wa Marekani walizigeuza picha kama zionekanavyo kiooni, hata mtu wa mkono wa kulia akawa wa shoto. Sisi tusione ajabu: Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto, kwa karne kadhaa. Mgeni apaswa kupokewa na uso wake.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 ilimtaka mkimbizi awe na kibali ndipo atoke kambini. Jembe alilonalo halifiki mbali. Mgeni asiye na nguvu za ajabu, wala shamba la kulima, hakuchorwa na Siegel na Shuster, Nakazawa alimkaribia. Katuni zetu, tangu jarida la *Sani* lilipoanza katika miaka ya 1970, zimejua sana kuwacheka wajanja wa mjini. Kalamu hiyo hiyo ina kazi Kasulu na Kibondo, na mizani ya kuipimia tumekwisha kuipata: imempa mgeni kurasa ngapi baada ya siku ya pili?