Pongezi kwa Wapima Sato

Katika mabonde ya Karagwe na Kyerwa, ofisa ugani wa uvuvi huingia bwawani asubuhi na mapema, maji kiunoni, akivuta wavu pamoja na mfugaji. Sato hulazwa kwenye ubao wenye rula: mdomo uguse ukingo, mkia unyooshwe, urefu usomwe upesi kabla samaki hajachoka. Mizani huyumba samaki akirukaruka, kwa hiyo uzito hukadiriwa kwa urefu. Sato akirefuka mara mbili, uzito wake huwa takriban mara nane! Kosa la sentimita moja huvuruga hesabu ya chakula cha bwawa zima. Miiba ya mgongoni mwa sato humchoma ofisa viganja, daftari hulowa, naye huendelea kupima. Halmashauri zetu zimpatie buti, ubao imara na usafiri.