Fundi Anayetembea Kwanza

Ukitaka kumjua fundi wa mtandao aliyeiva, mtazame anapoingia nyumbani kwa mtu na ekstenda yake, kile kifaa cha kurudia mawimbi ya WiFi, ikiwa bado kwenye boksi. Fundi mchanga ataulizia soketi. Aliyeiva ataomba ruhusa ya kuizunguka nyumba. Horohoro, kilomita 65 hivi kutoka Tanga mjini, pale barabara inapofika kwenye geti la mpaka na ng'ambo yake ni Lunga Lunga ya Kenya, yupo kijana wa namna hiyo, na kila ninapomtazama akifanya kazi naona ufundi ambao watu wengi hawaupi hadhi yake. Wanahesabu kifaa kimoja, soketi moja na dakika chache. Hawahesabu ile nusu saa ya kutembea iliyotangulia.

Nyumba nyingi za huku zina ramani inayofahamika: baraza mbele, ukumbi unaokata katikati, vyumba kushoto na kulia, kisha uani kwenye jiko, bafu na mara nyingi vyumba vya vijana vilivyoongezwa baadaye. Ruta hukaa sebuleni, jirani na televisheni. Wenye shida na mtandao wako uani: mwanafunzi anayesoma usiku, binti anayeuza madera kwa WhatsApp, bibi anayetaka kumwona mwanawe aliyeko Muscat bila picha kukatikakatika. Mpaka mawimbi yawafikie, yamepita kuta tatu au nne, na kila ukuta umechukua ushuru wake.

Kijana huyu huzigonga kuta kwa kifundo cha kidole. Tofali la saruji lina mlio wake, ukuta wa miti na udongo una wake, na jiwe la matumbawe lililopigwa chokaa halitoi mlio wowote, linameza tu. Hilo ndilo analoliogopa zaidi. Matumbawe yana vitundu vinavyotunza unyevu, na maji hunyonya mawimbi ya WiFi. Ndiyo maana pia hapendi kupitisha mawimbi penye tangi la maji. Jokofu na bati zina tabia nyingine: chuma hakinyonyi, kinarudisha. Jiko lililozungushiwa mabati ya zamani linaweza kuwa hatua tano tu kutoka kwenye kifaa na ndani yake kusifike kitu.

Kuna jambo dogo analolifanya ambalo sikulitarajia. Akifika dirishani hupitisha ncha ya kidole kwenye wavu wa mbu. Kama ni wa plastiki, anaendelea. Kama ni wa waya, anasimama na kufikiri. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5 hivi, na matundu ya wavu wa mbu ni madogo mno kwake, kwa hiyo wavu wa waya kwake ni karibu sawa na dirisha lililozibwa kwa bati. Nondo za dirisha, zenye nafasi pana, humsumbua kidogo tu. Mwenye nyumba haoni tofauti kati ya madirisha hayo mawili, kwa sababu upepo unapita kote kote.

Baada ya kugonga na kupapasa ndipo anatoa simu. Ana programu inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli, na namba zote ni hasi: hasi 50 ni neema, hasi 67 bado unaongea kwa video bila taabu, hasi 80 ni kubahatisha. Penye uwazi, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu hubaki robo, yaani desibeli 6 zimekwenda. Hutembea polepole na kusimama kila mlangoni. Husubiri namba itulie kabla ya kuiamini, maana hata mwili wa mtu una maji na unazuia mawimbi. Kwa hiyo hugeuka, akapima tena mgongo ukiwa upande wa pili.

Anachokitafuta kinaeleweka vizuri ukikumbuka misikiti mikubwa kabla ya vipaza sauti, mtu alipowekwa katikati ya safu arudie takbira za imamu ili walio nyuma wasikie. Akisogea mbele sana, sauti yake haiwafikii wa nyuma. Akirudi nyuma sana, yeye mwenyewe hamsikii imamu, sasa atarudia nini? Ekstenda haizalishi mtandao. Inarudia ilichosikia, na kama ilichosikia ni hafifu, itaurudia uhafifu huo kwa nguvu zake zote. Simu itaonyesha mawimbi yamejaa na ukurasa hautafunguka. Kosa hilo liko katika nyumba nyingi: kifaa kimechomekwa uani, mahali penyewe penye shida, kwa kuwa ndipo watu wanapolalamikia.

Kijana wetu hukichomeka kwenye ukumbi. Ukumbi ni njia ya wazi kutoka sebuleni hadi mlango wa uani, na mawimbi huupenda kama wanavyoupenda watu wa nyumba. Mahali anapopachagua huwa bado panasoma hasi 60 na kitu kutoka kwenye ruta, na kutoka hapo mlango wa uani unaonekana. Kama hapo hapana soketi, anasema wazi kwamba inafaa aitwe fundi umeme aongeze soketi. Hakubali kurudi nyuma mita tano ili mradi amalize.

Mpakani kuna mtego mwingine. Nyumba nyingi zinatumia ruta ya laini ya simu, na mtandao wa Tanzania ukilegea, ruta inaweza kudaka mnara wa Kenya. Bando linagoma au linaliwa kwa bei ya ugenini, na lawama zinaangukia ekstenda. Kwa hiyo huanza na ruta: anachagua mtandao wa Tanzania kwa mkono, anazima matumizi ya ugenini, anaisogeza ruta dirishani upande wa mnara wake. Kisha anatazama chaneli za majirani. Karibu na geti, ofisi za mawakala wa forodha, nyumba za wageni na maduka ya miamala zimejaa ruta, na kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu. Anachukua iliyo tulivu kuliko nyingine.

Kuviunganisha vifaa ndiyo sehemu fupi. Anafanyia sebuleni, ekstenda ikiwa ubavuni mwa ruta: anabonyeza kitufe cha WPS kwenye ruta, kisha cha ekstenda ndani ya dakika mbili, anangoja taa itulie, anabadilisha nywila ya kiwandani, ndipo anaihamishia ukumbini. Mwenye nyumba huambiwa ukweli kabla ya kulipa. Kifaa chenye redio moja kinasikiliza na kusema kwa zamu, hivyo kasi hushuka hadi nusu hivi. Chenye masafa mawili kinaweza kusikiliza kwa gigahezi 5 na kusema kwa 2.4, na hapo hasara hupungua. Na kama chumba cha uani kinahitaji kasi kamili, anashauri kuvuta waya, hata kama ekstenda yake haitauzika siku hiyo. Nimemsikia akimwambia mama mmoja hivyo, kwa adabu zote, boksi likiwa mkononi.

Mwishoni huomba milango yote ifungwe kama inavyofungwa usiku, anamwomba bibi ampigie mwanawe kwa video, naye anazunguka na simu hiyo uani, hadi nyuma ya jiko. Akiridhika, anamwonyesha bibi taa ya kifaa: ikiwa ya buluu, kinaisikia ruta vizuri, ikiwa nyekundu, kiko mbali mno, pengine mtu amekihamisha. Umeme ukikatika na kurudi, anamwambia, asichomoe chochote. Ruta itaamka kwanza, ekstenda itaitafuta yenyewe. Bibi hurudia maelezo yote mbele yake, rangi kwa rangi, ndipo kijana anavaa viatu.