Kishikwambi bila bando

Ukisikia “elimu mtandao vijijini” unawaza nini? Minara na bando, sivyo? Mimi nabisha hapo hapo. Chukua Shighatini, kule juu milimani Upare: mzazi akiwa na elfu moja mkononi, achague bando au unga, unga unashinda.

Majirani zetu wa Tanga walishapita njia nyingine. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 2,700 wa vijiji 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi kwa miezi 15, vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Bando hakuna: masomo yalikuwa ndani ya kifaa, chaji ikatoka kwenye jua. Mei 2019 onebillion na Kitkit School wakatangazwa washindi, wakagawana dola milioni 10.

Hapo sawa, nawapa heko. Ila sifa ya kwamba watoto “walijifunza wenyewe” imezidishwa chumvi. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwishoni idadi ya wasiojua kusoma ilipungua kwa nusu. Na nusu iliyobaki je? Programu inaona mtoto kakosea. Haijui kama ana njaa au haoni vizuri. Mwalimu anajua.

Na walimu wetu wanavyo vishikwambi, vile vya Sensa ya 2022. Programu za washindi ni za bure, msimbo wake uko wazi. Hebu muulize mwalimu wa jirani yako: ukizima data, kishikwambi chako kinafungua somo gani?