Utubora Alishika Jembe, Kalamu Je?

Katika semina zetu kuna hoja ambayo sasa imekuwa kama kiitikio: mwandishi wa kweli hazuiwi na kazi ya mshahara. Ukibisha, unatajiwa Shaaban Robert. Eti alikuwa karani wa serikali ya kikoloni tangu 1926, akakaa forodhani miaka kumi na minane, akahamia bara Mpwapwa, kisha akafanya kazi za ofisi Tanga hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, na bado ametuachia rafu nzima ya vitabu. Sasa wewe, mwenzangu na mimi, unalalamika nini?

Nalalamika, ndiyo. Kwetu ni Bomani, Tarime, na kila likizo najipatia ada kwa kazi ya kufanyia nyumbani: kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuzipiga chapa neno kwa neno. Mswada wa tamthilia yangu umo ndani ya kompyuta hiyohiyo, kurasa kumi na moja tangu mwaka juzi. Kwa hiyo suala hili silitazami kwa mbali.

Hebu tukisome upya Utubora Mkulima. Mhusika mkuu anaacha kazi nzuri kwa Ahadi, mfanyabiashara, na kwenda kulima Busutamu. Kwa kuwa kitabu kilitoka 1968, mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, ni rahisi kukisoma kama wito wa siasa ya vijijini. Lakini jamani, Shaaban alifariki 1962! Hakuwa akiliandikia Azimio. Mimi naona dhamira iliyotangulia zote humo ni ya wakati: siku ya mtu ni mali ya nani? Utubora anaichukua siku yake mikononi mwa tajiri na kuirudisha kwake.

Ajabu ni kwamba aliyeandika hayo alikuwa karani mwenyewe, na ofisi hakuiacha mapema. Alimpa mhusika wake uhuru ambao yeye hakuupata, halafu mkononi mwake akamtia jembe. Kwa nini si kalamu? Nadhani kwa Shaaban kilimo kilikuwa kazi halali ambayo jamii yake ingeiheshimu bila maswali, lakini mtu anayeacha mshahara ili atunge mashairi angeonekana kichaa. Hapo ndipo riwaya inaponigusa, na hapohapo ndipo inaponikera. Jembe la Utubora, kwa maoni yangu, halimchoshi vya kutosha. Sisi tuliokulia kwenye migomba na kahawa tunajua kwamba mtu akitoka shamba jioni hana hamu ya falsafa. Anataka maji ya kuoga na ugali.

Turudi kwenye ile hoja ya semina. Wanaoitoa wanaichukulia kazi yoyote ya kuchosha kuwa sawa na nyingine. Forodha ya Pangani ilikuwa mlango. Mizigo ilipita pale, na mabaharia, na wafanyabiashara, na lugha zao. Karani alichoshwa na daftari, ila akiinua macho anaona watu. Mimi nikiinua macho naona ukuta. Sauti ninazopiga chapa hazina nyuso, na sharti la kazi ni kwamba nisibadilishe hata neno. Kidole kikizoea kunakili siku nzima, usiku kinasitasita kubuni. Uchovu ni nusu tu ya adha hii. Nusu ya pili ni mazoea, na hayo hayaondoki kwa usingizi.

Tena tusijidanganye kwamba ukishamaliza kuandika mambo yamekwisha. Ng’ambo ya ziwa, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Mwenyewe akaja kuitafsiri kwa Kiswahili, na ikachapishwa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano! Huyo hakukosa bidii wala usiku wa kuandikia. Alikosa mchapishaji wa lugha ya watu wachache, na sisi wenye Kikuria midomoni tunalijua tatizo hilo.

Basi kabla mtu hajanitajia tena bidii ya Shaaban, nataka tuisome Maisha Yangu sambamba na Utubora Mkulima, tukiwa na swali moja la kawaida kabisa: aliandika saa ngapi, na nyumbani nani alikuwa akipika?