Asidi Tumboni mwa Kimelea

Mgonjwa anayepanda Sumbawanga na homa kutoka Bonde la Ziwa Rukwa hutobolewa kidole, damu ikapakwa kwenye slaidi na kutiwa rangi ya Giemsa. Maji ya kuchanganyia rangi hiyo hutakiwa kuwa na pH ya 7.2, asidi ikizidi, slaidi nzima hugeuka waridi na vimelea vya malaria havisomeki. Mtaalamu mwenye jicho huiona pia, hasa katika vimelea vyenye umbo la ndizi, punje ya kahawia iliyokolea. Ni mabaki ya himoglobini iliyoliwa, na huundwa katika kifuko cha mmeng'enyo chenye pH ya 5 na ushei.

Dawa ya malaria iitwayo klorokwini ilikuwa ikiua humo humo. Asidi iliinasa, na dawa hiyo ikazuia punje isiundike, kimelea kikafa kwa sumu ya chakula chake. Kisha vimelea vikawa sugu, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha. Je, asidi ya kifuko ndiyo iliyobadilika?

Wanaopima jambo hilo nawavulia kofia. Chembe nyekundu ya damu haifiki sehemu moja ya elfu ya sentimita kwa upana. Kimelea kimo ndani yake, na kifuko kimo ndani ya kimelea. Basi hufungua chembe hizo, huzitia rangi ya fluoreseini iliyofungamanishwa na dekstrani, na kuzifunga tena. Kimelea huingia, hula himoglobini na kuimeza rangi pamoja nayo. Kipimo kimepita njia ya chakula! Rangi huangazwa kwa mawimbi mawili ya mwanga, moja likiitikia asidi kuliko jingine, na uwiano wa mng'ao ndio husomwa, ili wingi wa rangi usipotoshe jibu. Hatimaye hulinganishwa na miyeyusho ambayo pH yake inajulikana.

Ninachokiheshimu zaidi ni ukali wao katika swali moja: rangi imekaa wapi? Awali, waliotumia rangi nyingine, akridini oreji, waliripoti kwamba kifuko cha vimelea sugu kina asidi zaidi. Wengine wakapinga kwamba rangi hiyo haikai kifukoni, hivyo mng'ao wake ni habari za kwingine. Mwaka 2006, Hayward, Saliba na Kirk wa Australia walipima kwa fluoreseini wakakuta usugu hauendi na tofauti ya asidi. Mwaka 2009 Rowena Martin na wenzake wakaifanya protini ya kifuko iitwayo PfCRT iundwe katika mayai ya chura: ile ya vimelea sugu ilipitisha klorokwini, ile ya vimelea visivyo sugu haikupitisha. Dawa ilikuwa ikitolewa nje ya kifuko.