Mkokoteni na Viti

Umeme ukikatika usiku nyumbani kwetu, kiberiti huwa jikoni juu ya kabati, na mimi huwa sebuleni. Njia naijua. Hatua nne hadi mlangoni, kushoto, hatua sita za korido, halafu mkono unagusa kabati. Kwa miaka mingi niliiamini hesabu hiyo, hadi usiku mmoja mtoto alipokuwa amekihamisha kigoda. Ukucha wa kidole gumba cha mguu ulichukua miezi kuota upya. Hatua zangu nilizihesabu sawasawa. Kigoda ndicho ambacho hakikuwemo kwenye hesabu.

Kigoda kile hunijia kila ninaposoma habari za Hans Moravec, mtafiti aliyeimaliza karibu miaka yote ya 1970 akiufundisha mkokoteni kupita katikati ya viti. Nasema mkokoteni kwa sababu ndilo jina walilokipa chombo chenyewe, Stanford Cart, wala hapa Kiswahili hakina haja ya kukopa neno.

Mkokoteni ulimtangulia. Mwaka 1960 James Adams, mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, aliuunda ili kujibu swali la mwezini. Ukiwa duniani na gari lako liko mwezini, picha ije na amri irudi, zimepita kama sekunde 2.6. Je, gari hilo linaendesheka? Mpe dereva wa bodaboda breki inayoshika baada ya sekunde mbili na nusu, atakurudishia ufunguo kabla ya mchana. Ukiliona shimo, umeshatumbukia. Basi afadhali gari lijitazamie njia lenyewe. Moravec, mzaliwa wa Austria aliyekulia Kanada, alifika Stanford mwaka 1971, akaukuta mkokoteni upo, akaamua kuupa macho.

Kwa sura haukuwa kitu cha kujivunia: mfano wa meza iliyowekewa magurudumu manne ya baiskeli, na juu yake kamera ya televisheni. Akili yake haikuwa ndani yake. Picha zilirushwa kwa redio hadi kwenye kompyuta kubwa iliyokuwa jengoni, nayo ikarudisha amri. Kamera ilikaa juu ya reli fupi ya kama nusu mita, ikawa inateleza kutoka upande mmoja hadi mwingine na kusimama mara tisa, kila kituo picha moja.

Kwa nini tisa? Inua kidole mbele ya pua, fumba jicho la kulia, kisha la kushoto. Kidole kinaruka, ukuta wa nyuma hausogei sana. Kilicho karibu huruka zaidi, na kwa kupima mruko huo ndipo umbali unapojulikana. Sisi tuna macho mawili na tunaridhika nayo. Moravec hakuridhika. Picha tisa, ukizioanisha mbili mbili kwa kila namna, zinatoa jozi 36, na kila jozi ikatoa ushahidi wake kuhusu umbali wa kitu kile kile. Mashahidi waliokubaliana walisikilizwa, waliopotoka wakazamishwa na wingi wa wenzao. Hapa ndipo ninapomwonea fahari fundi huyu. Chombo chake kilikuwa kibovu na alilijua hilo, hivyo hakutafuta jicho lisilokosea. Alipanga kazi ili kosa la jicho moja lisiwe na nguvu peke yake.

Lakini kabla ya kupima umbali wa kitu, lazima uchague kitu gani. Ukimwelekeza mgeni njia humwambii akusubiri kwenye ukuta mweupe. Ukuta mweupe uko sawa mwanzo hadi mwisho. Humwambii pia akusubiri kando ya barabara, kwa kuwa barabara ina kando kilomita nzima. Unamwambia ashuke Mbuyuni, au kwenye kona yenye duka. Programu ya Moravec ilifanya hivyo hivyo. Ilichukua kijidirisha kidogo cha picha na kukisogeza pande zote. Kama kukisogeza upande wowote hakubadilishi kitu, ni ukuta; kikatupwa. Kama kinabadilika upande mmoja tu, ni kando, nacho kikatupwa. Kilichobadilika kila upande kilikuwa kona, ncha ya mguu wa kiti, doa sakafuni, na hicho kikashikwa. Miaka mingi baadaye kamera zimekuwa nyingine kabisa na hesabu zimenolewa mno, lakini swali hilo la kwanza, pahali gani hapafanani na pengine, bado linaulizwa.

Mwaka 1979 mkokoteni ulivuka chumba kilichojaa viti bila mkono wa mtu. Ulikuwa ukienda mita moja kwa mshtuko, unasimama, unapiga picha zake tisa, halafu unafikiri kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Safari ya kama mita 20 ilichukua karibu saa tano. Kuku angekuwa ameshapita, amerudi, na ametaga. Moravec mwenyewe hakujidanganya. Katika kitabu chake Mind Children cha 1988 aliandika kuwa ni rahisi zaidi kuipa kompyuta uwezo wa mtu mzima wa kucheza drafti kuliko kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea. Mtu anayesema hivyo ameketi na mashine saa nyingi, ikamkosea saa ya nne, akairudisha mwanzo.

Walipoutoa nje, jua likawaharibia. Ule mwendo wa taratibu ulikuwa na ada yake: wakati mkokoteni ukifikiri, vivuli vilisogea, nao ulikuwa umezishika kingo za vivuli kama alama zake. Kwa macho yake dunia ilikuwa inahama. Kosa hili nalipenda kuliko ushindi wa ndani ya chumba, maana mkokoteni ulitazama vizuri, ukakumbuka vizuri, na bado ukapotea. Mbuyu wake ulikuwa unatembea.

Moravec alihamia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, na huko mwanafunzi Larry Matthies akaiendeleza kazi hiyo. Matthies aliona kwamba shaka nayo ina umbo. Kitu kilicho mbali, jicho hujua vizuri kiko kulia au kushoto, ila halijui vizuri kiko mbali kiasi gani. Shaka yake basi haifanani na chungwa. Ni ndefu kama embe, na embe hilo limelala kuufuata mstari wa macho. Alipoiandika shaka kwa umbo lake halisi, makadirio ya mwendo yakatulia sana. Baadaye akaenda kwenye maabara ya NASA ya JPL, California, na hesabu za aina hiyo zikasafiri hadi sayari ya Mihiri ndani ya vyombo Spirit na Opportunity, vilivyotua Januari 2004.

Huko kompyuta ilikuwa dhaifu, na kulinganisha picha kulichukua dakika mbili tatu kwa kila hatua. Kwa hiyo kwenye ardhi iliyodhaniwa tambarare, Opportunity iliachwa ihesabu mizunguko ya magurudumu tu. Aprili 2005 magurudumu yalizunguka kiasi cha mita 50 hivi, hesabu ikasema safari inaendelea, kumbe chombo kinachimba mchanga pale pale. Kukinasua kulichukua hadi Juni. Baada ya hapo kiliagizwa kisimame mara kwa mara na kuuliza macho yake kama kweli kimesogea.

Helikopta Ingenuity, ya kilo 1.8, iliyoruka huko huko Mihiri, haikuwa na magurudumu ya kuhesabu. Ilitazama ardhi kwa kamera ya tumboni, picha 30 kwa sekunde, ikifuata vijiwe na kona zake. Ilitarajiwa kuruka mara tano tangu Aprili 2021. Iliruka mara 72. Safari ya mwisho, Januari 18, 2024, ilikuwa juu ya matuta ya mchanga laini, ule ukuta mweupe wa Moravec uliolazwa chini. Kamera haikupata cha kutosha cha kushika, helikopta ikatua kwa kishindo, na mapanga yake yakavunjika. Redio yake ilikuwa bado hai. Picha iliyotuma baadaye ilionyesha kivuli cha panga juu ya mchanga, ncha imekatika.