Hojaji za Kukatika kwa Pumzi Usingizini: Uhakiki wa Vizingiti na Lugha kwa Kuzingatia Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Hojaji ya STOP-Bang, iliyochapishwa mwaka 2008 na Frances Chung na wenzake jijini Toronto, ilikusudiwa kumsaidia daktari wa nusukaputi kumtambua, kabla ya upasuaji, mgonjwa ambaye koo lake huziba akilala na pumzi ikakatika. Ina maswali manane ya ndiyo au hapana: kukoroma, uchovu, kuonwa akikatikiwa na pumzi, shinikizo la damu, uzito, umri, mzingo wa shingo na jinsia. Majibu matatu ya ndiyo yanatosha kumtoa mtu katika kundi la hatari ndogo. Wepesi huo ndio ulioieneza, na ndio unaoifanya ionekane kama chombo kisicho na kwao.

Matumizi yake kwa wagonjwa Wachina yanaipinga dhana hiyo. Hojaji huhesabu uzito kuwa hatari pale tu uwiano wa uzito na urefu unapozidi 35. Nchini China unene uliokithiri huanza kuhesabiwa kwenye 28, na wengi hupatwa na maradhi haya wakiwa na miili ya kadiri, kwa kuwa umbo la mifupa ya uso na taya hulibana koo. Kwa hiyo wanaougua hujibu "hapana" katika swali la uzito, na kwa haki. Watafiti wa Asia wakajaribu kushusha kizingiti, wakilinganisha majibu na vipimo vya usiku kucha vya maabara ya usingizi. Cha kujifunza hapo ni huo ulinganisho, si namba iliyopatikana. Mtafiti wa Mwanza atakayechukua namba za Kichina badala ya zile za Toronto atakuwa amebadili mkopeshaji tu.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, hata hivyo, udhaifu huanza mapema zaidi, katika maneno. Presha mtaani ni mbili, ya kupanda na ya kushuka. Mwenye ya kushuka aweza kujibu ndiyo bila kudanganya. Ambaye hajawahi kupimwa atajibu hapana, naye bila kudanganya. Swali la uchovu hujumuisha kuchoka na kusinzia mchana, ilhali kuli wa soko la Mwaloni, Kirumba, aweza kuchoka kila jioni pasipo kusinzia hata mara moja. Mfasiri atakayeandika "kukata pumzi" naye ajihadhari: kirai hicho kimekaribiana mno na "kukata roho", na si ajabu mke akasita kukiri kwamba amemwona mumewe katika hali hiyo.

Kipimo cha Epworth, alichokitunga Murray Johns huko Melbourne mwaka 1991, kina tatizo la namna nyingine. Humuuliza mtu uwezekano wa kusinzia katika hali nane, mojawapo ikiwa kusafiri garini saa nzima bila kusimama. Abiria wa daladala inayosimama kila kituo ataijibu kwa kubuni. Zito zaidi ni suala la wavuvi wa dagaa, ambao huvua kwa taa katika usiku wa giza na kupumzika siku za mbalamwezi. Mvuvi akiulizwa wakati wa giza, alama zake zaweza kuvuka 10 kwa sababu tu amekesha. Akiulizwa wiki mbili baadaye, zikashuka. Hojaji hupima habari za "siku za karibuni", na hapo siku za karibuni hutegemea mwezi ulipo angani.

Athari zake si za nadharia tu. Mgonjwa anayetoka Ukerewe kuja kupasuliwa Bugando, akipewa dawa za usingizi na za maumivu hali maradhi yake hayajatambuliwa, huenda koo likaziba wodini usiku. Aliyeweza kulisema hilo ni yule aliyelala naye chumba kimoja, na kambini huyo mara nyingi ni mvuvi mwenzake, aliyebaki kisiwani. Fomu humtaka mgonjwa ajibu peke yake, tena bila nafasi ya "sijui". Tafsiri yoyote ya Kiswahili ingepaswa kuongeza nafasi hiyo na kuihesabu kivyake, isije ikageuzwa kimyakimya kuwa "hapana".